Kompyuta ya Baba Haiwaki

Jumatatu, 4 Agosti
Uji wa Baba saa moja. Dawa. Kumgeuza upande. Kisha kompyuta. Haiwaki. TV ya chogo, ambayo ndiyo kioo chake, inaonyesha miraba miraba tu, kama jana, kama juzi. Padri aliyempa Baba mashine hii alirudi kwao nikiwa darasa la tatu. Baba akaichapia maneno ya Kisumbwa, lugha yake ya kuzaliwa, miaka na miaka, akayahifadhi kwenye kaseti moja. Daftari zake zililiwa na mchwa. Imebaki kaseti, na mashine hii ndiyo pekee inayoisoma.

Anataka ayaone kabla hajafa. Amesema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Jumatano, 6 Agosti
Masanja, fundi simu wa pale stendi, amefungua mfuniko. Tatizo amelijua upesi. Chipu hazijachomelewa, zimechomekwa tu kwenye soketi. Mashine ikipata moto zinatanuka, ikipoa zinasinyaa, kidogo kidogo zinapanda mpaka miguu haigusi vizuri. Akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba. Kr, kr. TV ikasafika, nikashika mdomo. Ikafa.

"Mwalimu," akaniambia, "hiki ni chuma chakavu."

Nimemchukia. Hana kosa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimezichomoa chipu mwenyewe kwa bisibisi bapa. Miguu imeingia weusi. Nimeisugua kwa raba ya kufutia, nikaipangusa kwa spiriti. Wakati wa kurudisha ile kubwa, mguu mmoja ukajikunja. Nikaunyoosha. Ukakatika.

Nilikaa chini sakafuni. Baba akaita kutoka chumbani: "Vero, imewaka?"

"Imewaka, Baba."

Mwongo mimi.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku mbili namlisha bila kumtazama usoni. Leo nimekiri. Hakukasirika.

"Nilijua. Ikiwaka inalia, pii. Sijasikia kitu."

Heri angenitukana.

Jumanne, 12 Agosti
Masanja alikuja asubuhi, akachomelea uzi wa waya mahali pa mguu uliokatika. Akaondoka. Nikawasha. Ikalia.

Nikatia kaseti, ikazunguka muda mrefu. Kisha maneno yakaanza kupanda kwenye kioo, Kisumbwa kushoto, Kiswahili kulia. Nikalia kama mtoto. Nikakimbia kumleta Baba. Kumwinua, kumvisha shati, kumkalisha kitini, kukivuta kiti hadi sebuleni. Tulipofika, kioo cheusi. Moto umeinua chipu tena. Nikabonyeza zote, nikabonyeza mpaka gumba likachubuka. Baba aliutazama ule weusi. Akaomba nimrudishe kitandani.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Sikupiga hata picha moja.

Alhamisi, 14 Agosti
Chipu kubwa imekufa. Masanja ameipima. Huenda niliiunguza mwenyewe kwa kuibonyeza umeme ukiwa unapita. Ameuliza wenzake wa Kahama na Geita. Nyingine haipo. Wengine wamemcheka.

Nikasema angalau kaseti. Nikaiweka kwenye redio nisikie kama ile milio ambayo mashine ilihifadhia maneno bado ipo. Redio ikaumeza mkanda. Umetoka umekunjamana kama utumbo wa kuku, vipande vipande.

Kazi ya maisha yake. Siku kumi tu mikononi mwangu.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimemwambia Baba yote. Akasema, "Haya." Basi.

Jumapili, 17 Agosti
Sijaenda misa. Baba haulizi tena. Baada ya uji aligeukia ukuta, akaanza kusema Kisumbwa, taratibu, si kwangu. Mama alikuwa Msukuma. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Naambulia nusu. Nimechukua daftari la maandalio ya somo, nikaandika nilivyosikia. Nikimuuliza maana, ananitazama tu.

Kurasa mbili. Sijui nimeandika nini.

Amelala sasa. Nimemfunika miguu.