Mikia Iliyokatwa

Shangazi yangu mpendwa,

Mama hajambo, paka amezaa tena ndani ya kabati la nguo, na mimi nimechoka.

Kazi uliyoniombea pale maabara ni hii: programu ya kompyuta inabashiri umbo la protini, nami nalilinganisha na umbo halisi lililopimwa kwa mashine. Kiwiliwili cha kila protini yetu programu inakipatia vizuri. Mkia wake, unaochezacheza, inaukosea kabisa. Basi Mkuu, rafiki yako, kila mara ananiambia, "Mwanangu, huo mkia unatushushia alama. Ukate, halafu ulinganishe tena." Nakata. Alama zinapanda, anachekelea. Lakini Shangazi, dawa wanayoitafuta inatakiwa ishike hapohapo mkiani. Huku ni kumsifu fundi kwa nyumba isiyo na mlango.

Jana alitaka nitie sahihi ripoti, kwamba nimehakiki usahihi wa programu. Unanijua, hata dukani huwa nanong'ona. Nikanong'ona, "Siwezi, mpaka mikia irudi."

"Siku zote hizi huna kinywa, leo umekipata cha kunibishia?"

Wenzangu wakainamia kompyuta zao kama hawakusikia. Akaniambia nikae nyumbani mpaka nipate adabu.

Najua atakupigia simu. Nakusihi, usiniombee msamaha. Mwambie nilichokuandikia, basi. Kitakachofuata nitakibeba mwenyewe.

Mama bado hajui. Anadhani tumepewa mapumziko, na asubuhi tukinywa chai amemsifu Mkuu kwa wema wake.

Ni mimi,
binti wa kaka yako