Mtumbwi Ndani ya Simu

Jumapili, 10 Novemba

Nafasi ya 388! Kati ya watu elfu thelathini na kitu. Siku ya saba tangu tuondoke Ufaransa, wote tunaelekea visiwa vya Antilles ng'ambo ya bahari, kila mmoja na mashua yake ya tanga ndani ya mchezo wa mtandaoni. Yangu nimeiita Ndagala, kama dagaa wetu wa ziwani. Nasikia wenzangu wa mbele wana kompyuta mbili mbili mezani. Mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka, na nachaji kwa sola ya jirani.

Baada ya misa baba alichungulia begani kwangu. Akauliza mashua inakwenda wapi bila watu. Nikamwonyesha mishale ya upepo. Akakaa. Mwezi unakaribia kujaa, taa hazivuti ndagala tena, mitumbwi yote imelala bandarini Kalundu. Ana wiki nzima ya kukaa, na baba yangu, mzee Protais, hajui kukaa.

Jumatatu, 11 Novemba

Leo nimemwambia. Goti lake limekwisha, kila mtu anajua. Mwezi ukishapungua mtumbwi utahitaji kapita mpya, wa kuamuru saa ya kutoka na saa ya kurudi. Anataka kumpa Dieudonné, msaidizi wake. Mimi nautaka. Nimeanika samaki wa mtumbwi ule miaka kumi na miwili!

Amecheka. Mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia, ndivyo kundi lao lilivyoshika tangu babu. Halafu akaongeza: "Weye haujue upepo, Georgette. Uko unajua samaki yenye imekwisha kufa."

Imeniuma, sikatai. Nikamjibu: nikimaliza mashindano ndani ya mia tano wa kwanza, mimi ndiye kapita. Akaitikia huku anacheka. Lakini ameitikia, na Dieudonné alikuwa pale, amesikia.

Jumatano, 13 Novemba

Nafasi ya 341. Najiona.

Baba hacheki tena. Kila saa: "Upepo iko natoka wapi?" Kesho tunapita La Palma, kisiwa chenye mlima mrefu unaopanda moja kwa moja kutoka majini, kama milima yetu hapa nyuma ya Uvira. Baba akaweka kidole juu yake. Kaa karibu na nchi kavu, anasema. Jua likizama upepo utashuka mlimani, utakusukuma nje. Kweli tupu. Wavuvi wote wa hapa wanatoka na upepo huo. Hata mimi nikianua samaki jioni nausikia shingoni.

Nimepanga njia ipite chini ya mlima. Wengine wote wanapita mbali. Wajinga.

Alhamisi, 14 Novemba

Mjinga ni mimi. Jua lilizama kule, nikangoja. Hakuna kitu. Mashua imesimama kabisa. Mchezo huu unajua pepo kubwa za bahari tu, kaupepo ka mlimani hakamo. Wamechora mlima, wakasahau upepo wake!

Nafasi ya 1,214.

Baba alipouliza nikasema tuko sawa. Nimemdanganya kwa sababu tangu goti limharibikie sijamwona na furaha ile.

Ijumaa, 15 Novemba

Hasira imepita, sasa kazi. Nimetoka pale kwa shida, na upepo wa kaskazini-mashariki umenipokea. Kundi kubwa la mashua liko juu, kaskazini. Mimi nimeteremka kusini kidogo, huko upepo ni mzito zaidi. 902. Nitawatoa mmoja mmoja, kama mawe kwenye mchele.

Jumamosi, 16 Novemba

655!

Asubuhi simu haikuwa mahali pake. Nikamkuta baba kwa jirani, kakaa karibu na waya wa sola, anaangalia mstari wa njia niliyopita. Unashuka vizuri mpaka chini ya mlima, halafu unajikunja pale pale. Mtu wa maji hahitaji kuelezwa. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema upepo wa mlimani haumo humu ndani. Akafuata mstari ule kwa kidole tangu mwanzo. Mwishoni akasema mtu mwingine angemlaumu kwa shauri lile, pwani mbele ya watu wote.

Basi, hakuongeza. Lakini jioni aliniletea chai mwenyewe, na goti lile.

Jumapili, 17 Novemba

561. Na dada yangu Consolée amejifungua, huko Sange! Mume wake yuko safarini, lazima niende kesho alfajiri. Shida: internet ya Sange imekufa tangu wiki iliyopita. Simu za kawaida tu zinapita.

Jumatatu, 18 Novemba — Sange

Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, sauti ya kuuza sokoni.

Simu yangu nimemwachia baba. Njia nimeshaipanga mpaka saa kumi jioni. Hapo atageuza kushoto, mara moja tu, halafu ni moja kwa moja mpaka mwisho. Nimemwonyesha mara kumi kidole kibonyeze wapi. Wakati naondoka ilikuwa 512.

Saa tisa na nusu. Baba amepiga kwenye simu ya Consolée. 507! Lakini mishale imegeuka mapema kuliko nilivyomwambia, na mbele ya mashua ramani imekuwa nyeupe, yaani upepo umekufa. Nyuma yake namsikia Dieudonné anamwambia ageuze tu, anangoja nini. Baba akamnyamazisha. Mzee huyu ana miaka arobaini ziwani na hajawahi kuuliza mtu. Kisha, polepole:

"Kapita, nigeuze sasa ao ningoje?"

Na laini ikakatika.

Nimepiga mara tatu, haipiti. Consolée ananicheka, ati nimelia kwa ajili ya simu na mtoto wake sijamlilia. Saa tisa na dakika arobaini. Nimetoka nyuma ya nyumba, nimepanda juu ya kinu kilichopinduliwa kutafuta laini, simu ya Consolée sikioni, daftari juu ya ukuta. Geuza sasa, baba. Usiningoje. Inaita —