Kuendesha Najua, Kushuka Sijui

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama! Huku Ipuli wote wazima, mbuzi wako kazaa mapacha. Unauliza, je, uwaambie huko kazini kwamba kazi nyingine hujui? Sikia! Enzi za Ujamaa, tukiwa kijijini Choma, nilijifundisha baiskeli mwenyewe. Mama akashikwa na uchungu, nikatumwa nikamlete mkunga.

Nikamwambia, "Bi Mkunga, kuendesha najua, kushuka sijui! Huwa naangukia mchangani."

"Makubwa! Haya twende, mwanangu, tukifika tupige kelele."

Tulipokaribia nyumbani tukapiga kelele wote wawili: "Tudakeni!" Majirani wakatoka mbio, wakatudaka. Mkunga akaingia ndani mzima, mdogo wangu, babu yako Idi, akazaliwa salama.

Waambie mapema, mama. Watakucheka, lakini watakudaka.

Bibi yako. Siku hizi kushuka najua, magoti ndiyo hayataki kupanda!