Maji ya Zuhura Mchana wa Ramadhani

Mwanangu Neema,

Hujambo huko Njombe? Baridi haijakubana kifua? Baba na mama wazima? Sie hapa Mwananyamala twamshukuru Mungu, na shoga yako Zuhura hajambo, leo kafua sare zake mwenyewe.

Ramadhani imeingia, na kila nikimjazia chupa yake nakukumbuka wewe. Unaujua ugonjwa wa mwenzio, hiyo selimundu: akikaa bila maji mifupa inamuuma mpaka analia. Mwaka juzi, mlipokuwa darasa la nne, watoto walimkuta anakunywa nyuma ya choo, wakamshikia bango: "Kobe! Kobe huyo, anakula mchana kwa kujificha!" Akaacha kunywa. Siku ya tatu tukalazwa hospitali, mie nikadhani namzika.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Aliyemtuma ajifiche nyuma ya choo ni mie. Niliona haya, majirani wasije wakasema binti yangu hafungi. Na madrasa nimesoma, najua kabisa mgonjwa kapewa ruhusa na Mungu mwenyewe.

Siku aliyorudi shule nilimsindikiza, nikabaki dirishani. Nikakuona umeketi naye katikati ya darasa, mnapokezana chupa. Wakaanza kelele zao. Ukasimama: "Na mie kobe, haya nichekeni!"

"We Mkristo bwana, huwezi kuwa kobe! Kwani unafunga?"

"Sifungi. Na yeye anaumwa, hafungi. Sasa kobe nani hapa?"

Yule Hamisi mtundu akasema, "Basi nyweni, ila msitutamanishe!" Darasa zima likacheka, na Zuhura wangu akacheka nao. Ewe Neema! Mtoto wa miaka kumi, na hakuna aliyekutuma! Nilirudi nyumbani nikasujudu.

Mlipohama niliingiwa na hofu. Juzi akaniuliza, "Mama, mwaka huu nikanywee wapi?" Nikamwambia, "Hapo hapo utakapokuwa umekaa." Halafu nikamwomba radhi kwa yale ya choo. Akaniangalia, akasema, "Neema alishaniambia zamani. Alisema uliogopa tu, nisikukasirikie."

Mwanangu, nani alikwambia kuwa niliogopa? Au Mungu anawaonyesha watoto vitu anavyotuficha sie? Nijibu upesi, nakuomba.

Mama yako wa Mwananyamala,
Mama Zuhura