Mgeni Aliyetuachia Jiko

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Viazi vimechimbwa, baridi ya Makambako imekaza, na babu yako anakusalimu. Mimi namwonea wivu mama mwenyeji wako huko Ujerumani, maana anaisikia sauti yako kila asubuhi.

Unauliza kwa nini binti yake hakuchangamkii, ilhali mama huyo ameacha hata lahaja ya kwao ili umwelewe. Binti huyo namfahamu, kwa kuwa nami niliwahi kuwa katika nafasi yake.

Nilipokuwa msichana, nyumbani kwetu Njombe alifikia Greta, Mjerumani aliyekuja kujifunza Kiswahili. Mama akakataza Kibena, lugha yetu ya nyumbani, mbele yake. Kitanda changu nilimpa mgeni bila kinyongo. Kiswahili cha mama ndicho kilichoniuma, kwa kuwa kilikuwa cha sokoni na kanisani, kisicho na utani wowote.

"Mbona umenuna?" mama aliniuliza siku moja, tukimenya viazi jikoni pamoja na Greta.

"Sijanuna, mama. Nasubiri mgeni afaulu mtihani wa Kiswahili, turudie Kibena chetu."

Greta alinitazama. Kesho yake, viazi vilipoletwa, alichukua kigoda akaenda kukaa uani.

"Rudi ndani, mwanangu, kuna baridi," mama akamwita.

"Niache, mama. Hapa nasoma vizuri."

Hakuwa na kitabu. Mama alinigeukia, akanitania kwa Kibena mpaka kisu kikaniponyoka kwa kicheko.

Wivu wangu haukuisha siku hiyo. Hata hivyo, kiazi cha kwanza kuiva nilimpelekea Greta uani.

Bibi yako