Katoni Tatu za Sabuni Kutoka Duka la Kona

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtaani anaitwa Mama wa Kona
Umri: miaka 58
Kazi: biashara ya rejareja
Makazi: kwa binti yake, mtaa wa nyuma ya soko

Mimi ni mjane. Ninaendesha duka la kona tulilolianzisha na marehemu mume wangu. Nauza sabuni, majani ya chai, mishumaa na vitu vidogo vidogo vya nyumbani. Mtuhumiwa ninamfahamu vizuri sana. Duka lake linatazamana na langu. Wanamwita Mzee Haipungui, kwa sababu hilo ndilo jibu lake mteja akiomba apunguziwe bei. Alikuwa rafiki wa mume wangu, ndiyo maana ananiita shemeji. Ni mbishi na ana mdomo. Kila asubuhi hunipigia kelele kutoka ng'ambo: "Shemeji, jana uliuza au ulipiga miayo?" Nami humjibu: "Miayo ipo, nikupimie?" Tumegombania wateja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi.

Afande ameniuliza hali ya biashara. Ni mbaya. Tangu ifunguliwe barabara mpya, malori hayapiti tena kwetu, na duka kubwa limejengwa huko huko. Redioni tunaambiwa uchumi wa eneo hili unakua, na mwakani utakua zaidi. Labda ni kweli, ila umehamia barabara mpya bila kutuaga.

Rafu zikionekana tupu, mteja anaishia mlangoni, na msambazaji akichungulia hakuachii mzigo. Kwa hiyo nilianza kuzifunga upya katoni zilizokwisha. Nilizibana kwa utepe wa kahawia nikazipanga rafu ya juu, maandishi yakitazama mlangoni. Mtu akitaka katoni nzima, nilisema imeshaagizwa. Sikumwambia yeyote, hata binti yangu.

Mwezi uliopita upepo uliangusha katoni moja niliyoiweka mlangoni, ikabingirika hadi barazani kwa mtuhumiwa. Watu walikuwepo. Roho ilinitoka. Yeye aliinama, akaikumbatia kwa mikono miwili, akavuka barabara akihema. Akasema kwa sauti kubwa: "Shemeji, mzigo mzito namna hii usiuache mlangoni, utamvunja mtu mguu!" Ilikuwa tupu. Nilidhani ananikejeli, nikamnunia wiki nzima.

Baada ya hapo, mpishi wa shule alikuja kutaka katoni ya sabuni. Kabla sijatoa uongo wangu wa kawaida, alikuwa ameshaivuta mwenyewe kutoka rafu ya juu, na nusura imwangukie kwa uzito. Ilikuwa imejaa. Nikajisemea uzee umeingia, sasa nasahau hata mali yangu. Nikamuuzia.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa moja asubuhi, mlinzi wa mtaa alikuja nyumbani akitabasamu. Akaniambia, "Mama, tumemkamata mwizi wako!" Nikamuuliza mwizi wangu yupi. Akasema alfajiri, akizunguka doria, alimkuta Mzee Haipungui akitoka dukani kwangu na katoni tatu za sabuni, akifunga mlango kwa ufunguo. Alipoulizwa alijibu tu, "Andika unavyotaka." Mlinzi alitaka kumsaidia kubeba, akakataa. Alizibeba mwenyewe hadi kituoni, akihema njia nzima.

Kuhusu ufunguo: mtaani kwetu kila mwenye duka humwachia wa ng'ambo ufunguo wa akiba, kukitokea moto. Tunaweza kununiana mwezi mzima, lakini ufunguo haurudishwi.

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Hakuna kilichopungua. Nikapanda kigoda, nikainua katoni za rafu ya juu. Karibu zote zilikuwa nzito. Hazikuwa na utepe wangu. Zilikuwa mpya kabisa. Nilishuka nikakaa sakafuni nikalia, siwezi kusema uongo mbele ya afande.

Kisha nilivuka barabara. Duka lake lilikuwa limefungwa. Nilichungulia kwenye nondo za dirisha. Rafu ya juu ilikuwa imejaa katoni, maandishi yakitazama mlangoni, na kila moja ina utepe wa kahawia. Ni zangu. Alikuwa ananiletea zilizojaa kutoka kwake, na anachukua tupu akapange dukani kwake.

Nimeambiwa kwamba tangu alfajiri amekataa kujieleza. Mimi najua sababu. Akijieleza, mtaa mzima utajua kuwa duka langu ni utepe na makaratasi. Yule mzee yuko tayari kuitwa mwizi kuliko mimi niaibike, na anajua fika kwamba kesho nitamgombeza.

Sijaibiwa. Sina malalamiko. Naomba aachiliwe, na naomba habari ya katoni isitoke nje ya chumba hiki, kwa ajili yangu na sasa kwa ajili yake pia. Niliyoyajua nimeyasema yote. Nimesomewa, nimeridhika kuwa ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Vielelezo vilifunguliwa mbele ya shahidi. Katoni zote tatu ni tupu. Zimefungwa tena kwa utepe alioutoa shahidi mkobani. Mtuhumiwa ameachiliwa saa nne asubuhi na kukabidhiwa katoni. Shahidi alimwambia, "Mzee mzima ovyo." Mtuhumiwa alimuuliza kwa nini hajafungua duka mpaka saa hizi. Ukumbi wa kituo ulikuwa na watu wengi. Mtuhumiwa alizibeba katoni kwa mikono miwili, ameinama, akihema. Shahidi alimfungulia mlango na kuwaambia watu wapishe, mzigo ni mzito. Nami nilisaidia kubeba moja hadi barabarani.