Mashua ya Cherehani

Jumamosi, 22 Julai 1995

Nimemaliza pande la tatu la tanga. Kitambaa cha marekani, kizito, sindano mbili zimevunjika. Kimejaa chumba chote, mume wangu Ochola amekula ugali akiwa amesimama mlangoni kama mgeni. Baridi imenikausha vidole. Sijali. Mwezi ujao nitakuwa nikishona juu ya maji. Nimeandika hivyo makusudi nione inavyokaa kwenye karatasi. Inakaa vizuri.

Mpango wenyewe, nisije nikausahau: mashua ya kuishi, futi ishirini na nne, cherehani yangu imefungwa katikati, kitanda nyuma. Lori la samaki linalorudi tupu Homa Bay litatubeba tarehe tano. Kutoka hapo tunashuka kusini, ufuo hadi ufuo, nikishona yunifomu kabla shule hazijafunguliwa. Watu wa kule hutembea siku nzima kumtafuta fundi wa nguo. Safari hii atawajia mlangoni.

Jumanne, 25 Julai

Kawangware kwa miguu, kuona mashua. Iko nyuma ya karakana ya Ochola, chini ya paa la mabati aliloijengea. Miezi kumi haijaguswa na tone la mvua! Ochola ni fundi wa vitanda, maji kwenye mbao yanamtisha kuliko moto. Alikulia ufuoni, alimsaidia baba yake kuunda mashua akiwa kijana, lakini hapa Nairobi ni vitanda tu, miaka ishirini na tatu. Vya watu wengine. Sisi tunalalia cha chuma, cha mitumba, kinacholia kila ukigeuka.

Leo amenionyesha kitanda cha mashuani. Kina droo. Nimecheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani Lindi, hapa Kibera.

Alhamisi, 27 Julai

Nimemwambia Mama Zaituni, mwenye nyumba wetu, kwamba tunahama. Tayari chumba kina mtu mwingine, anaingia siku ileile ya lori. Mama Zaituni ameuliza, "Sasa mtalala kwa maji kama bata?" Nikamwambia bata halipi kodi. Amecheka mpaka akashika ukuta.

Sina pa kurudi sasa.

Jumapili, 30 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka.

Alfajiri tuliipakia kwenye mikokoteni miwili iliyofungwa pamoja, wanaume sita wakisukuma, Kawangware hadi Nairobi Dam, tuijaribu. Mmoja akaniuliza, "Mathe, kuna mafuriko inakuja na hamtuambii?" Ochola alivaa shati la kanisani. Watu wa magorofa ya Nyayo Highrise walijaa kwenye balkoni. Mashua ikaingia majini, watu wakashangilia, mimi nikapiga kigelegele.

Kisha maji yakaanza kuingia. Lingekuwa tundu moja tungeziba. Ilikuwa kila ungio, mbele hadi nyuma, ingawa Ochola alikuwa amesindilia pamba kati ya mbao zote. Muda mfupi tu alikuwa na maji magotini. Balkoni zikacheka. Tukaivuta ukingoni.

Nilimkasirikia yeye, kisha balkoni, kisha mimi mwenyewe kwa kile kigelegele.

Jumatatu, 31 Julai

Ochola amerudi karakana, amepokea kazi ya kabati. Kuna mtu anayetaka mbao za mashua. Ochola amekubali aje kesho saa sita aivunje. Hakuniuliza. Hakuniuliza!

Jumamosi hatutakuwa na chumba wala mashua. Tanga limekunjwa pale, silitazami.

Jumanne, 1 Agosti

Nimejua! Nimejua!

Asubuhi nilienda kununua makaa. Shoka la muuzaji lilikuwa ndani ya ndoo ya maji, kichwa chini. Nikamuuliza, ingawa kila aliyewahi kushika jembe anajua. "Mpini imekauka, mama. Chuma inachomoka. Wacha ifure kwanza." Nikasimama pale na makaa yangu. Mpini umekauka. Miezi kumi chini ya bati! Kule kwao mashua huundwa ufuoni na kuingia ziwani kabla mbao hazijapata muda wa kukauka. Ndiyo maana Ochola hakuwahi kuliona jambo hili. Ameitunza kama kabati, na mbao zimesinyaa zikaachana.

Nimekimbia hadi Kawangware. Umri huu, sketi hii. Nilimkuta anapiga randa. Nilisema "shoka" mara tatu kabla sijapata pumzi ya kueleza. Akaweka randa chini.

"Tuiloweke," akasema.

"Tuizamishe," nikamwambia. "Yote."

Mtu wa mbao alitukuta dam tukiijaza mawe majini. Aliondoka akitikisa kichwa.

Alhamisi, 3 Agosti

Bado iko chini. Pua tu inaonekana. Nashona pindo la tanga hapa ukingoni, maji yananuka, pua yangu imeshazoea. Mama Zaituni ameniletea chai na mandazi. Ameangalia maji. "Hii boti mmeitengeneza ama mmeizika?" Naogopa, lakini ni woga mtamu.

Ijumaa, 4 Agosti

Tumetoa mawe. Tumechota maji kwa ndoo tangu saa moja mpaka mikono ikafa ganzi. Yalibaki kidogo chini kabisa. Nikachomeka tepu yangu ya kupimia nguo: nusu inchi. Tukaisukuma hadi katikati ya dam, tukakaa ndani, wawili, saa nzima. Nikachomeka tena.

Nusu inchi!

Ochola amelia. Mimi nimepiga kigelegele kikubwa kuliko cha Jumapili, na mwanamke mmoja wa Highrise akakijibu kutoka balkoni yake.

Jumamosi, 5 Agosti

Juu ya lori. Mwandiko mbaya, barabara mbaya. Mashua imefunikwa magunia yaliyoloweshwa, kila tukisimama nayamwagia maji. Dereva anasema hajawahi kuona mtu akinywesha mbao. Kitanda cha chuma nimemwachia mpangaji mpya. Mama Zaituni hakutaka kuniaga, alijifanya anafagia. Nimeimba tangu Nakuru.

Jumanne, 8 Agosti

Asubuhi. Tulitia nanga jana, ufuo wa kwanza kusini. Ziwa limetulia.

Tepu: nusu inchi, ileile.

Kuna mama amesimama ufuoni na kitambaa cha kijani begani, anatazama cherehani. Nimempungia mkono angoje kidogo. Ochola yuko kwenye kitanda chake cha droo, nikikanyaga sasa ataamka. Ni saa tatu, na katika miaka yote hii sijamwona akilala mpaka saa tatu.